Kuandaa Kompyuta ya Kuzamia kwa Nitroksi na Maziwa ya Milimani

Kompyuta ya mkononi hupima kina na muda vizuri sana, ila haijui mtungini mna gesi gani: hewa ya kawaida au nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni. Huamini namba uliyoiwekea. Basi anza na mtungi, menyu baadaye.

Washa kipima oksijeni, kipitishie hewa ya kawaida na ukirekebishe kisome 20.9. Fungua vali ya mtungi kidogo tu. Gesi ikivuma kwa nguvu, kipimo hupotoka. Subiri namba itulie. Pima kila mtungi kwa mkono wako, hata kama imejazwa pamoja, kisha andika kwenye utepe wake asilimia ya oksijeni, kina cha mwisho unachoweza kufika na gesi hiyo, tarehe na jina lako.

Kina cha mwisho kikokotoe mwenyewe: gawanya 1.4, yaani kikomo cha mgandamizo wa oksijeni, kwa kiasi cha oksijeni katika desimali (asilimia 32 ni 0.32), toa 1, zidisha kwa 10. Kwa asilimia 32 unapata 33.75, yaani mita 33. Kwa 36, mita 28. Sasa ingiza asilimia kwenye kompyuta na ulinganishe. Ikikuonyesha mita 40 kwa mtungi wa 32, kikomo cha mgandamizo wa oksijeni kimeachwa kwenye 1.6, kirudishe 1.4.

Kosa la hapa ni la hatari kweli. Mtungi ukiwa wa 36 na kompyuta ikabaki kwenye 21, yaani hewa ya kawaida, hutasikia kengele ukipita mita 28, na oksijeni iliyozidi huweza kuleta degedege humo humo majini. Ukikosea kinyume chake, kompyuta inakupa dakika ambazo mwili wako hauna, kwa sababu nitrojeni ni nyingi kuliko inavyodhani. Aina nyingi hujirudisha zenyewe kwenye 21 baada ya saa kadhaa, kwa hiyo kagua kabla ya kila mzamio.

Ziwa likiwa juu ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, kuna la kuongeza. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 mgandamizo wa hewa ni karibu baa 0.8, wakati usawa wa bahari ni karibu baa 1. Ukipanda kutoka kina cha mita 20 baharini, mgandamizo hushuka mara 3, kutoka baa 3 hadi 1. Ziwani hushuka karibu mara 3.5. Viputo vya nitrojeni hupata nafasi zaidi.

Washa kompyuta ukiwa nchi kavu, uone alama ya mwinuko. Baadhi hutambua zenyewe, nyingine huwekwa kwa mkono. Ikiamshwa na maji tu, inaweza kudhani uko baharini. Chagua maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, la sivyo kina kitasomeka pungufu kwa karibu asilimia 3. Ukiwa umefika siku hiyo hiyo, mwili bado una nitrojeni ya kule chini ulikotoka: ngoja kwa muda wa saa 12 ndipo uzame. Panda taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, na utulie mita 5 kwa dakika 3.

Barabara ya kurudi ikivuka mlima mrefu zaidi, ihesabu kama ndege: ngoja kwa muda wa saa 12 baada ya mzamio mmoja, 18 baada ya kadhaa.