Jinsi ya kuomba kulipiwa dawa za kutafuta mimba mjini Lubumbashi, na la kufanya ukikataliwa

Maombi ya kulipiwa dawa za kutafuta mimba huandikwa kabla ya kununua dawa, kwa maana aliyekwisha kununua hubaki na risiti isiyo na idhini, na mlipaji hupata sababu nyepesi ya kumkatalia. Anza kwa kujua ni nani anayegharamia matibabu yako: mwajiri, kama ilivyo kwa familia nyingi za wafanyakazi wa migodi, mitueli ya afya (chama cha wanachama wanaochangiana gharama za matibabu), au kampuni ya bima. Usiridhike na jibu la dirishani; omba mkataba wenyewe, usome sehemu ya mambo yasiyolipwa. Huenda kilichokatazwa humo ni utungishaji wa mimba nje ya mwili peke yake, ilhali vipimo na vidonge havikutajwa.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo ni ripoti ya daktari wa wanawake. Karatasi iliyoandikwa tu kwamba mgonjwa anatafuta mtoto haitamsaidia mtu. Ripoti itaje ugonjwa uliopatikana, kwa mfano ovari zisizopevusha mayai, homoni ya prolaktini iliyozidi, au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kwa kuwa mlipaji anayekataa ugumba anaweza kukubali kutibu chanzo chake. Daktari akiandika letrozoli, kidonge cha kuamsha ovari, mwombe aeleze sababu, kwa kuwa dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, na mkaguzi anayesoma karatasi ya ndani ya boksi anaweza kudhani kuna kosa. Lakini usimwombe daktari aandike ugonjwa usiokuwepo: huo ni udanganyifu, na unaweza kukupotezea haki ya matibabu mengine.

Ripoti hiyo iwe na matokeo ya vipimo vya mke na mume. Mdogo wangu alimeza klomifene, dawa ya kutafuta mimba, miezi mitatu kwa fedha zake mwenyewe kabla ya kupigwa picha ya mirija ya uzazi, na picha ilipotoka ilionyesha kwamba mirija yote miwili imeziba. Klomifene huamsha ovari, haizibui mirija. Fedha ile ilikwenda bure, na machozi yake siyasahau. Mume naye apime shahawa mapema, kwa sababu katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii tatizo liko kwa mwanaume, peke yake au pamoja na mkewe. Ni kipimo kimoja, nacho kinaweza kuokoa gharama ya miezi mingi.

Sasa andika barua, kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi hizo. Taja namba ya mfanyakazi au ya mwanachama, dawa kwa jina lake la asili (si la chapa ya kampuni), kiasi, idadi ya mizunguko ya hedhi, na bei kutoka kwenye fakitire ya proforma (karatasi ya bei inayotolewa kabla ya kununua) ya duka la dawa. Kama mlipaji ni mwajiri, kumbusha kwamba Sheria ya Kazi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi na familia yake matibabu na dawa wanapougua, na kwamba Shirika la Afya Duniani linautambua ugumba kuwa ugonjwa wa mfumo wa uzazi. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Ukikataliwa, dai jibu la maandishi lenye sababu. Kwa jibu hilo wajumbe wa sindika (chama cha wafanyakazi) wanaweza kuzungumza na mwajiri, na ikishindikana, shauri lipelekwe kwa mkaguzi wa kazi. Hata hapo omba angalau ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) na vipimo vya damu vilipwe, ili mfuko wako ubebe dawa tu.

Kwa atakayelipa mwenyewe, ordonansi (karatasi ya dawa ya daktari) iandikwe kwa jina la asili ili aweze kulinganisha bei za dawa zisizo na chapa. Nunua ya mzunguko mmoja mmoja: klomifene ya miligramu 50 kwa kawaida humezwa siku 5 tu kwa mzunguko, na daktari anaweza kubadilisha kiasi baada ya ekografi, kwa hiyo akiba ya miezi mitatu ni fedha iliyolala. Wanaocheza likelemba (mchango wa kupeana fedha kwa zamu) waombe zamu yao iangukie mwezi wa sindano za kuamsha ovari, kwa kuwa hizo ndizo ghali. Nyingi za sindano hizo hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Anayezileta kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa katika joto la Oktoba abebe kisanduku cha barafu, azifunge kwa kitambaa zisigusane na barafu yenyewe, na aulize kwanza kama friji ya kliniki ina jenereta umeme unapokatika.