Dakika 120 kwa Wiki: Kupanga Muda wa Bustani Nairobi

Anza na umbali, uzuri uje baadaye. Bustani ya karibu utaiendea hata ukiwa umechoka. Ile ya matatu mbili utaiahirisha hadi sikukuu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza eneo la kijani la angalau nusu hekta, ndani ya mita 300 kutoka nyumbani, kama mwendo wa dakika tano. Wengi Nairobi hawana bahati hiyo, basi pima pia kutoka kazini au stejini unakoshukia. Wa katikati ya jiji ana bustani ya Jeevanjee, bila kiingilio (kaa mbali na wahubiri na wabishi wa siasa ukitaka utulivu), na Uhuru Park ng'ambo ya Uhuru Highway.

Lenga dakika 120. Utafiti wa 2019 kwa watu karibu 20,000 wa Uingereza ulikuta waliofikisha muda huo kwa wiki kwenye maeneo ya asili wakieleza afya na furaha zaidi ya wasiotoka kabisa, hata wakiugawa. Haukuthibitisha kuwa miti ndiyo sababu, kwani mwenye afya hutoka zaidi, ila ni kipimo kizuri cha kuanzia. Gawa hivi: dakika 20 za mchana mara tatu, na saa nzima Jumamosi.

Saa hiyo ipeleke msitu wa Karura au bustani ya miti ya Arboretum, ufike saa mbili asubuhi kabla ya umati. Beba maji kwa chupa ya kudumu: tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi. Chakula kifunge ndani ya begi lenye zipu. Kima waliozoeshwa ndizi hawaombi, wananyakua.

Kinachoharibu zaidi ni simu. Zima data, usiangalie barua za kazi.

Kabla ya kuingia, jipe alama ya hisia, 1 hadi 10. Rudia nusu saa baada ya kutoka, kwa wiki nne. Ukiandika siku nzuri tu, unajidanganya. Alama zikishuka, tafuta sababu: benchi la juani, kelele, usumbufu. Badilisha kona au saa, na toka kabla ya kumi na mbili jioni. Huzuni isiyoisha wiki mbili na usingizi umepotea, nenda kliniki.

Machi hadi Mei njia huteleza na siafu hutoka. Vaa viatu vya kufunika kisigino, suruali uichomeke kwenye soksi.