Pasi ya treni Ulaya: tazama siku, kisha viti

Kabla ya kununua pasi ya treni za Ulaya, yaani tiketi moja ya kupandia treni nyingi, zingatia kwanza unakoishi, kwa sababu Mtanzania mwenye makazi Berlin hutumia Interrail, pasi ya wakazi wa Ulaya, ilhali ndugu yake anayeishi Dar es Salaam hununua Eurail, pasi ya wanaoishi nje ya Ulaya, ingawa wote watapanda treni zilezile. Pasi ya siku chache za safari ndani ya mwezi mmoja huwafaa wengi kuliko ile ya kila siku mfululizo, maana siku ya kuzunguka Vienna kwa miguu haina haja ya kulipiwa treni. Gharama inayowashtua wageni ni ya kiti: treni za mwendo kasi za Ufaransa (TGV), za Italia na za Hispania, pamoja na Eurostar inayounganisha London na Ulaya bara, hudai nafasi ilipiwe kando, na baadhi hutenga viti vichache tu kwa wenye pasi, hivyo huisha mapema. Ujerumani, Austria na Uswisi, treni nyingi za mchana hupandwa bila kuhifadhi kiti, na huko ndiko pasi hulipa hasa. Kwa safari ya miji miwili tu, tiketi ya kawaida iliyokatwa mapema mara nyingi huwa nafuu zaidi.