Somo: Kucheza moris, ngoma ya njuga na leso ya Waingereza

Wadau, hamjambo. Tangu niweke ile video ya wazee waliovaa nyeupe wakirukaruka na leso mbele ya baa, wengi mmeniuliza ni kitu gani, na wawili mmetaka kufundishwa. Ile ni moris, ngoma ya vijiji vya Uingereza. Naishi karibu na Oxford na huu ni msimu wangu wa tatu wa mazoezi, kwa hiyo nafundisha kama mwanafunzi aliyewatangulia darasa moja tu. Mtindo ni wa Headington, kijiji ambacho siku hizi kimemezwa na mji.

Vifaa. Njuga kwanza. Hushonwa kwenye vipande vya ngozi vinavyofungwa chini ya goti, miguu yote miwili. Msidhani ni pambo. Mwalimu wetu huweza kutupa mgongo, akasikiliza tu, kisha akataja nani kachelewa. Njuga zinaumbua. Halafu leso mbili kubwa nyeupe za mkononi, na fimbo fupi ya mti mgumu. Shati na suruali nyeupe, na mikanda ya rangi inayopishana kifuani. Rangi ndiyo inayotambulisha kundi.

Hatua ya 1: mguu. Hesabu ni moja, mbili, tatu, ruka. Kushoto, kulia, kushoto, kisha ruka kwa mguu huo huo wa kushoto. Halafu kulia, kushoto, kulia, ruka kwa mguu wa kulia. Mguu ulio hewani utupe mbele umenyooka, usiukunje kama mtu anayepanda ngazi. Mwanzoni nilidhani kazi iko kwenye kuruka, kumbe iko kwenye kutua: ukitangulia wenzako, njuga zako zinalia peke yake na ukumbi mzima unajua. Fanya hii wiki mbili kabla hujagusa leso. Sitanii.

Hatua ya 2: mikono. Inapanda pamoja, inashuka pamoja. Usipunge kama anayefukuza nzi. Bega litupe, leso ifuate.

Hatua ya 3: kujipanga. Watu sita, mistari miwili ya watatu watatu, mkimtazama mpiga muziki. Kushoto ni namba 1, 3 na 5, kulia 2, 4 na 6. Aliye mkabala nawe ndiye mwenzio ngoma nzima.

Hatua ya 4: kusubiri. Kipande cha kwanza cha wimbo hupigwa bila mtu kucheza. Simama, uusikilize uingie mwilini. Kinapoisha wote mnaruka pamoja, na ngoma imeanza.

Hatua ya 5: kusuka. Hapa ndipo wageni hupotea. Kila mstari wa watatu unachora namba nane chini. Fikiria nywele za mafungu matatu: wa mwisho wa huku anakwenda kule, wa kule anakuja huku, wa katikati anazunguka na kurudi kwake. Hiyo ni nusu. Mkirudia, kila mtu yuko alikoanza. Wa katikati huonekana ana kazi nyepesi, lakini ndiye hugongwa na pande zote mbili. Nilikuwa namba 4 mwaka mzima, nawaambia ninachokijua.

Hatua ya 6: fimbo. Anzeni na ngoma iitwayo Bean Setting, yaani kupanda maharage. Unainama, unadunga ardhi kwa ncha ya fimbo, kisha unagonga fimbo ya mwenzio. Tazama fimbo, si uso wake. Mwezi wa kwanza vidole vyangu viwili vilivimba. Mliokulia Lamu kwenye kirumbizi mtaona tofauti: huku hakuna kumvizia mtu, kila pigo limepangwa.

Kwa nini Headington? Wanaume wa pale walizoea kucheza wakati wa Pentekoste, lakini tarehe 26 Desemba 1899 walitoka kwa sababu ya njaa: baridi ilikuwa kali, mafundi ujenzi hawana kazi, wakaona heri wacheze wapate senti. Cecil Sharp, mwalimu wa muziki aliyekuwa amefikia ukweni, akawaona. Kesho yake alimwita mpiga konsetina wao (kinanda kidogo cha mkononi), William Kimber, fundi matofali, akaziandika nyimbo zake. Sharp akapata sifa nchi nzima. Mimi nikifunga njuga humkumbuka zaidi fundi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Zuhura: Mwanangu, wanawake wanaruhusiwa?

Shikamoo mama. Wanaruhusiwa. Mwaka 1905 Kimber mwenyewe alikwenda London kuwafundisha wasichana washonaji wa klabu ya Mary Neal, na hao ndio walioieneza ngoma. Baadaye wapo waliodai ni ya wanaume tu, na mwaka 1975 wanawake wakaunda chama chao. Kundi letu ni mchanganyiko.

Mzee wa Bandari: Moris si neno la Wamoro, wale Waislamu wa Afrika Kaskazini? Basi ni ngoma ya Afrika!

Pole pole, mzee wangu. Wengi wanakubali kuwa jina lina asili hiyo, lakini jina si ngoma. Maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana Uingereza ni ya London, 1448: chama cha wafua dhahabu kiliwalipa wachezaji shilingi 7.

Kijana wa Ngamiani: Kaka, nimeona picha wamejipaka weusi usoni. Hiyo nayo?

Hata mimi lilinikaa rohoni kabla ya kujiunga. Huo ni mtindo mwingine, wa mpakani na Wales. Wapo wanaosema kibarua alijificha uso asitambuliwe akiombaomba. Wapo wanaoonyesha mkono wa maonyesho ya karne ya 19, Wazungu walipojipaka ili kuwakejeli watu weusi. Kwangu mimi, hata kama la kwanza ni kweli, anayetazama leo analiona la pili. Mwaka 2020 vyama vikuu vya moris vilitaka wanachama waache kujipaka uso mzima weusi, na makundi mengi yakahamia rangi nyingine, kama buluu na kijani. Kundi la Bacup, mji wa Lancashire kaskazini mwa Uingereza, lilikataa, likajitoa.

Bi Rehema: Mimi si mnywaji, na nyie naona kila mara mko baa.

Agiza juisi, hakuna atakayekuuliza. Wakati wa Ramadhani mimi hucheza na kuondoka na tende zangu mfukoni.

Kijana wa Ngamiani: Njuga nitapata wapi huku Tanga?

Waulize wenye vikundi vya ngoma za asili. Ukikosa, chukua vikengele vidogo kumi vya kuanzia kwa kila mguu, shonea kwenye mkanda wa ngozi ya viatu chakavu. Ila usivifunge vifundoni, vitakuchuna. Chini ya goti, na soksi ndefu ndani.