Mteja Hajalipa na Kitu Chake Kiko Kwako: Namna ya Kukishikilia Bila Kujiingiza Kwenye Kesi

Kazi imekwisha, mteja anakwepa simu, na kitu chake bado kiko karakana. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, fundi aliyekitengeneza kitu ana haki ya kukaa nacho hadi alipwe, hata kama hawakuandikiana neno. Nchi nyingine nyingi zina vifungu vinavyofanana na hivyo. Ila haki yenyewe ni nyembamba kuliko mafundi wengi wanavyodhani: ni ya kushika tu, haikupi ruhusa ya kutumia, kuuza wala kukomoa. Ukiipitiliza, wewe uliyekuwa unadai ndiye utakayeshtakiwa.

Hatua ya 1: Hakikisha haki hiyo unayo

Kwanza, je, kazi yako imekiboresha kitu chenyewe? Kufufua injini, kubadilisha kioo cha simu, kuvisha kochi kitambaa kipya, zote zinahesabika. Matunzo ya kawaida hayahesabiki. Mwaka 1915, katika kesi ya Hatton v Car Maintenance, mahakama ya Uingereza iliona kwamba kampuni iliyolihudumia gari na kumpatia mwenyewe dereva haikuwa na haki ya kulizuia, kwa sababu ililiweka katika hali yake bila kuliongezea thamani. Anayeosha magari au kuyalaza asitegemee haki hii. Atafute kinga kwenye mkataba.

Pili, je, kazi imekamilika? Kazi ya nusu haizai haki, isipokuwa mteja mwenyewe ndiye aliyekukatiza njiani.

Tatu, je, kazi hiyo iliagizwa? Aliyeleta kompyuta ibadilishwe betri hadaiwi kioo ulichoamua kumwekea kwa sababu ulikiona kina ufa. Kila nyongeza iombewe idhini kabla ya kushika bisibisi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu.

Nne, mlikubaliana alipe lini? Ukimwambia mteja "chukua, utalipa baada ya siku 30," huwezi kugeuka kesho yake ukamzuilia mzigo.

La mwisho ndilo linaloangusha wengi: kitu hakijatoka mikononi mwako. Kikitoka kwa ridhaa yako, haki imekufa, na deni linabaki deni la kawaida. Kulifuata gari usiku na kulivuta kutoka uani kwa mteja ni uvamizi, na polisi wanaweza kuliita wizi. Kikirudi baada ya mwezi kwa kazi nyingine, utakishikilia kwa deni la kazi hiyo mpya peke yake.

Hatua ya 2: Hesabu deni la kitu hicho tu

Chukua mteja aliyeleta simu mbili. Ya kwanza aliichukua akabaki na deni la 60,000. Ya pili iko kwako, na gharama yake ni 40,000. Kiasi unachoweza kudai ili uiachie hiyo ya pili ni 40,000. Zile 60,000 mdai kwa njia nyingine. Akikuletea 40,000 mkononi ukazikataa kwa sababu unataka laki nzima, kuanzia hapo unashikilia mali ya mtu bila haki, na mahakama inaweza kukuamuru umlipe fidia.

Usiongeze "gharama ya kuhifadhi" ya kila siku kama haikuwa kwenye makubaliano. Suala hilo liliamuliwa zamani: mwaka 1860, katika Somes v British Empire Shipping, wenye gudi (mahali pa kutengenezea meli) walioishikilia meli iliyokuwa inadaiwa gharama za matengenezo walinyimwa malipo ya siku walizoizuia. Hoja ni nyepesi: aliyeshika anashika kwa faida yake mwenyewe.

Hatua ya 3: Jua mali ni ya nani

Aliyeleta si lazima awe mwenyewe. Gari linaweza kuwa la mkopo na bado ni mali ya benki. Kompyuta inaweza kuwa ya mwajiri wake. Kwa kawaida, mtu aliyekabidhiwa kitu akitumie anahesabiwa kuwa na idhini ya kukipeleka kwa fundi, na haki yako inamgusa hata mwenye mali. Ndivyo ilivyoamuliwa katika Tappenden v Artus, mwaka 1964. Lakini kitu cha wizi hakina idhini ya mwenyewe. Mwenyewe akijitokeza na uthibitisho, usigombane naye, mdai aliyekuletea.

Hatua ya 4: Toa notisi ya maandishi

Simu na maneno ya mlangoni hayatoshi. Andika, tuma kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa, ubaki na nakala. Lugha iwe kavu:

"Tarehe ........ uliniletea ........ (aina, rangi, namba ya mfululizo). Kazi uliyoagiza, yaani ........, imekamilika tarehe ......... Unadaiwa ........: vipuri ........, ufundi ........, ukitoa malipo ya awali ......... Kitu chako kipo, kimetunzwa, na kitakabidhiwa mara utakapolipa kiasi hicho. Unaweza kukikagua siku za ........ saa ......... Tafadhali lipa kabla ya ........ (siku 14 tangu leo). Kama una pingamizi kuhusu hesabu, niandikie kabla ya tarehe hiyo."

Sentensi ya pingamizi isikosekane. Mteja asipoijibu, itamwia vigumu kuja baadaye kudai kwamba kazi ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Usitishie kuuza, kufuta picha zake au kumwanika mtandaoni: tishio la namna hiyo linaweza kugeuza madai ya fedha kuwa kesi ya jinai, na mshtakiwa ukawa wewe.

Hatua ya 5: Kitunze kama amana

Kikiharibika kwa uzembe wako, fidia inaweza kulimeza deni lote. Piga picha za kila upande siku unayotuma notisi, pamoja na mikwaruzo ya zamani. Kwa gari, andika kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, ondoa waya wa hasi wa betri, liegeshe ndani ya eneo lenye kufuli. Simu na kompyuta zizime zikiwa na chaji ya karibu nusu, kwa sababu betri za lithiamu huharibika zikikaa muda mrefu zikiwa tupu kabisa au zikiwa zimejaa. Hifadhi mahali pakavu, andika lebo yenye jina na tarehe.

Usikitumie, hata kwa safari ya dukani. Usifungue mafaili ya mteja. Wala using'oe kipuri ulichofunga: kikishafungwa kimekuwa sehemu ya kitu chake, na kukitoa kunaweza kuhesabiwa uharibifu wa mali yake.

Usikihamishie kwa rafiki "akutunzie". Ukikikabidhi kwa mtu mwingine unahatarisha kule kushika kwenyewe, na bila kushika huna haki.

Hatua ya 6: Akija na hela, au na ubishi

Akileta kiasi kamili, pokea, mpe risiti, asaini kwamba amepokea kitu kikiwa katika hali nzuri. Akituma mtu, dai barua au ujumbe kutoka namba ya mteja unaomtaja aliyetumwa.

Akibishia hesabu, mruhusu alipe kwa pingamizi: analipa chote, anaandika kwenye risiti ni sehemu gani hakubaliani nayo, anachukua kitu, na mgogoro unaendelea bila mali katikati. Njia hii haitumiki vya kutosha, ingawa mara nyingi ndiyo ya nafuu kuliko zote. Akitaka kulipa kidogo kidogo, jua kwamba ukiachia kitu umeachia silaha yako. Basi apewe baada ya kusaini hati ya deni yenye tarehe za malipo.

Hatua ya 7: Asipojitokeza kabisa

Haki ya kushika haikupi haki ya kuuza. Hiyo hutoka kwenye mkataba, kwenye sheria ya nchi au kwa amri ya mahakama. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1977 inamtaka anayedai atoe notisi ya miezi isiyopungua 3 kabla ya kuuza kitu kisichochukuliwa, na kinachozidi deni na gharama za uuzaji ni cha mteja. Muda wa kwenu unaweza kuwa mwingine, kwa hiyo hapa ndipo pa kumlipa wakili saa moja. Deni likiwa dogo, mahakama ya madai madogo hufaa kuliko mnada.

Vitu vya kuachia hata kama hujalipwa

Pasipoti na vitambulisho: kwa kawaida hivyo ni mali ya serikali iliyovitoa. Vifaa vya tiba ambavyo mgonjwa anavitegemea: hapa hatari haiko kwenye kesi tu. Na data. Mwaka 2014, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua katika Your Response v Datateam kwamba hifadhidata ya kielektroniki haiwezi kuzuiliwa kwa haki hii, kwa kuwa si kitu cha kushikika. Mtengeneza tovuti anayeizima tovuti ya mteja kutoka mbali yuko pabaya zaidi, kwani nchi nyingi zinahesabu kuingilia mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai. Ajilinde kwa mkataba: malipo ya awali, na nywila zikabidhiwe baada ya awamu ya mwisho kulipwa.

Karatasi ya kazi ya mteja ajaye

Isainiwe kabla hujapokea kitu, na iwe na mambo haya: maelezo ya kitu na hali yake, kazi iliyoagizwa, kiwango cha juu cha gharama kisichozidishwa bila idhini, malipo ya awali yanayofidia angalau vipuri, haki ya kushikilia hadi malipo yakamilike, ada ya kuhifadhi na siku inapoanza, muda wa notisi kabla ya kuuza, na tamko la aliyeleta kwamba ana mamlaka juu ya kitu hicho. Nakala moja ibaki kwake.