Somo: Hesabu inayoonyesha kwamba binadamu walizaa na Neandertali

Mwakeye, wana Kigoma! Chukueni karatasi na kalamu. Hesabu hii mnaiweza. Neandertali walikuwa jamii ya watu wa kale wa Ulaya na Asia, waliokwisha toweka.

Hatua ya 1. Andika mistari minne ya herufi za DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo mwilini: Myoruba (mtu wa Afrika Magharibi), Mfaransa, Neandertali na sokwe. Sokwe, ndugu wa hawa wetu wa Gombe na Mahale, anatuonyesha herufi ya asili.

Hatua ya 2. Tafuta mahali ambapo Neandertali ana herufi mpya, isiyo ya sokwe, na wale watu wawili wametofautiana: mmoja anayo, mwingine hana. Kwingine ruka.

Hatua ya 3. Hapa someni taratibu. Hesabu ni mara ngapi mwenye herufi mpya ni Myoruba, na mara ngapi ni Mfaransa. Kama hapakuwa na kuzaliana, kufanana huko ni bahati ya urithi wa kale tu, na bahati haipendelei mtu, idadi zitakaribiana. Mwaka 2010 timu ya mwanasayansi Svante Pääbo, Leipzig, Ujerumani, ilitumia mifupa ya Neandertali ya pango la Vindija, Kroatia. Mizani ililalia kwa Mfaransa, na vilevile kwa Mchina na Mpapua! Mifupa ya Neandertali haijapatikana Papua. Basi walizaliana mapema, kabla watu waliotoka Afrika hawajatawanyika.

Hatua ya 4. Pima urefu wa vipande vya DNA ya Neandertali vilivyomo ndani ya mtu. Kila kizazi huvikatakata, hivyo kirefu ni cha karibuni. Mtu wa Oase, Romania, wa miaka kama 40,000 iliyopita, alikuwa na vipande virefu mno: babu au bibi yake wa Kineandertali alikuwa vizazi 4 hadi 6 tu nyuma.

MASWALI

Ujiji: Shikamoo mwalimu. Sisi Waafrika hatuna DNA ya Neandertali kabisa?

Marahaba. Tunayo kidogo. Hesabu ya hatua ya 3 hupima tofauti kati ya watu wawili, kwa hiyo fungu la Myoruba linajificha. Mwaka 2020 njia nyingine ilikuta kama asilimia 0.3, nyingi ikiletwa na watu waliorudi Afrika. Nje ya Afrika ni kama asilimia 2.

Kasulu: Yupo mtoto wa mchanganyiko aliyeonekana mwenyewe, siyo kwa hesabu za vizazi?

Yupo, na huyo ndiye ninayempenda kuliko ushahidi wote. Ni msichana wa pango la Denisova, Siberia, aliyeishi takriban miaka 90,000 iliyopita. Matokeo yalitoka 2018. Mama yake alikuwa Neandertali, na baba yake wa jamii ya Denisova, jamii nyingine ya watu wa kale.