Kutia vugo kwenye tovuti ya darasa letu

Darasa letu lilikalia mtihani wa kidato cha nne mwaka 1999, hapa hapa Lamu. Tulipoamua kukutana tena baada ya miaka yote hiyo, kazi ya tovuti nilitwishwa mimi, kwa sababu nina kibanda cha kompyuta mtaa wa Langoni na kila mtu anajua nalala na kibodi. Nikaweka picha, nikaweka majina, nikaweka tarehe ya mkutano. Haikupita siku mbili simu ikaanza: "Dada, mbona kimya? Kwani kuna arusi isiyo na ngoma?"

Basi nikatia ngoma. Nilikosea mara kadhaa kabla ya kupata, na ndiyo sababu naandika haya, ili mwenzangu atakayepewa kazi kama hii asipite nilikopita mimi.

Anza na swali la muziki upi. Wenzangu walitaka nyimbo tulizokuwa tukizisikiliza bwenini, na wengine wakataka nyimbo za Zein l'Abdin, mpiga udi aliyezaliwa Lamu. Nazipenda sana, lakini nilikataa kuzipakia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda utunzi wa muziki kwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki kumalizika. Zein alifariki 2016, kwa hiyo alichotunga mwenyewe kinalindwa hadi mwisho wa 2066. Rekodi nayo ina haki yake peke yake, mbali na ile ya utunzi. Kununua kaseti au sidii kulikupa ruhusa ya kusikiliza nyumbani kwako tu, si ya kuigawa kwa ulimwengu. Kama wimbo wa msanii mnautaka kwa lazima, andika barua umwombe, au weka kiungo kinachompeleka mtu pale msanii mwenyewe alipouweka. Msiuchukue.

Mimi nilichukua njia nyingine: nikarekodi vugo. Kwa asiyelijua, vugo ni ngoma ya akina mama katika arusi, wanapiga pembe za nyati kwa vijiti huku wakiimba. Hakuna msichana wa darasa letu aliyeolewa bila vugo, na wavulana wote waliwahi kulisikia likipita uchochoroni usiku. Muziki wa namna hii unamfika mtu wa darasa lenu mahali ambapo wimbo wa redio haumfiki. Nyinyi wa Malindi au kwengineko mtakuwa na chenu. Tafuteni hicho.

Mama wa mwenzetu mmoja ni mpigaji wa siku nyingi. Nilimwendea alasiri, nikaketi dakani, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, nikamweleza kila kitu: tovuti ni nini, nani ataifungua, kwamba hata mtu asiyetujua anaweza kuisikia. Hili la mwisho ndilo watu wengi hulificha, na ni makosa. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Pembe zitwae, mwanangu. Sauti yangu niatie," yaani niachie. Hataki sauti yake isikike na wanaume asiowajua. Wenzake wawili walisema hivyo hivyo. Kwa hiyo rekodi yetu ina pembe na vijiti peke yake, haina uimbaji, na kwangu mimi imekamilika. Muulize kila mmoja peke yake, si mbele ya kundi, maana mbele ya kundi mtu huona haya kukataa.

Rekodi ya kwanza niliifanya juu ya dari, yaani kwenye paa la nyumba, nikidhani pale pana utulivu. Kusi lilikuwa linavuma, na nilipoisikiliza simu yangu ilikuwa imenasa upepo mtupu. Ya pili tuliingia chumba cha ndani chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na yale mawe ya matumbawe yakairudisha kila pembe mara mbili tatu hata ikawa kelele. Tulipopata ni msanani, chumba kirefu kilicho upande unaotazama kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba. Nilitundika blanketi mbili ukutani nyuma ya wapigaji, nikatandika mikeka miwili sakafuni, simu nikaiweka juu ya mto wa pamba hatua mbili kutoka kwao, si mkononi, maana mkono unakwaruza. Simu iwe kwenye hali ya ndege ili mtu asipige katikati. Wapige kwanza kwa nguvu zote wanazozitumia arusini nawe usikilize. Sauti ikipasuka, rudi nyuma hatua moja. Kisha, kabla hawajaanza, acha simu irekodi sekunde kumi za kimya cha mahali pale. Utazihitaji.

Tulirekodi mara nne. Mara ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote, punda akalia mlangoni dakika ya tatu. Nimeiweka hiyo hiyo, nikaikata kabla ya punda.

Ukitaka rekodi itoke kwenye simu ya mtu kuja kwako kwa WhatsApp, mwambie aitume kama hati, asiitume kwa kuicheza mbele ya simu nyingine wala kwa kitufe cha kusemea. Ujumbe wa sauti unabanwa sana, na mlio wa pembe unakufa kabisa.

Kwenye kompyuta natumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, ambayo ni ya bure. Chagua zile sekunde kumi za kimya, ifundishe programu kwamba hiyo ndiyo kelele, halafu chagua rekodi nzima uiambie iondoe kelele hiyo. Usiiondoe kwa pupa. Ukizidisha, vijiti vinaanza kusikika kama viko ndani ya maji. Kisha kata mwanzo na mwisho, ifanye sauti ipande taratibu kwa sekunde mbili mwanzoni na ishuke taratibu kwa sekunde tano mwishoni.

Sasa uzito. Kipande chetu ni dakika mbili na nusu. Kikiwa katika WAV ya kawaida ya stirio, yaani faili la sauti lisilobanwa, kinapita megabaiti 26, na mwenzetu aliyeko kisiwani Pate hawezi kumaliza bando lake kwa ajili ya vugo. Kigeuze kiwe MP3, yaani faili la sauti lililobanwa. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde kinakuwa kama megabaiti 2.4, kwa 64 kinakuwa 1.2. Nilijaribu 64 nikaacha: pembe kavu ikipigwa ina ncha kali mwanzoni mwa mlio, na ncha hiyo ilikuwa imelainika hata ikafanana na kugonga ndoo ya plastiki. Nilibaki na 96, kwa njia moja badala ya stirio, megabaiti 1.8. Usichague namba uliyoambiwa. Vaa spika za masikioni, sikiliza tatu mfululizo, uchague ndogo ambayo bado ni vugo.

Jina la faili liandike kwa herufi ndogo, bila nafasi. Mimi niliipa jina lenye herufi kubwa na nafasi mbili, kwenye kompyuta yangu ikacheza, nilipoipandisha kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, ikanyamaza. Seva nyingi zinaona herufi kubwa na ndogo kuwa vitu viwili tofauti. Ikiitwa vugo.mp3, iite hivyo kila mahali. Kisha kwenye ukurasa, chini ya picha ya darasa, tia mstari huu:

<audio src="vugo.mp3" controls preload="none"></audio>

Neno controls ndilo linaloleta kitufe cha kuchezea na cha kunyamazisha. Neno preload="none" linakiambia kivinjari kisivute faili mpaka mtu abonyeze, hivyo asiyetaka muziki halipi hata kilobaiti moja. Kama tovuti yenu mmeitengeneza kwa WordPress, kuna kijisanduku cha sauti kinachofanya kazi hiyo bila msimbo.

Nilikuwa nimetaka muziki uanze wenyewe mtu anapofungua. Usifanye hivyo. Kwangu ulianza, nikafurahi, kumbe kwa wengine ulikuwa kimya. Tangu 2018 kivinjari cha Chrome kinazuia sauti inayojianzisha mpaka mtu aguse ukurasa, na simu za iPhone zilikuwa zikizuia kabla ya hapo. Kwenye kompyuta yangu ulicheza kwa kuwa Chrome ilikuwa imezoea kwamba mimi huisikiliza tovuti ile kila siku. Na hata kama ungeanza kwa wote, si adabu. Mwenzetu mmoja aliifungua kwenye kompyuta ya ofisini, vugo likalia mbele ya mkubwa wake. Mwengine angeweza kuifungua barazani huku adhana inatolewa. Mwache mgeni abishe hodi mwenyewe. Nimeandika juu ya kitufe: "Bonyeza usikie vugo la nyumbani." Wanabonyeza.

Sikuweka loop pia, lile neno linalofanya muziki urudi mwanzo ukiisha. Mtu anayesoma majina ya wenzake kwa nusu saa atachoka. Vugo likiisha, liishe. Na kwa kuwa muziki hukatika mtu akihamia ukurasa mwengine, picha zote za zamani nimeziweka ukurasa ule ule wa kwanza, ziwe zinateremka huku ngoma inalia.

Ukurasa wa marehemu hauna muziki. Tumepoteza wenzetu watano. Pale pana majina, mwaka, na dua, basi. Kasida na maulidi pia sikuzitumia popote kama sauti ya nyuma. Vitu vile watu huvisikiliza kwa kuketi navyo.

Kabla ya kuwapa wote anwani, nilikopa simu ya bei ya chini kuliko zote za darasa letu, nikapanda mashua hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, nikaifungua nikiwa gatini. Ukurasa ulikuja kwanza, picha zikafuata. Nilibonyeza, nikahesabu hadi nne, pembe zikalia. Baharia aliyekuwa akifunga kamba aligeuka akauliza ni arusi ya nani.

Rekodi ya asili, ile ya WAV, iko kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa kiranja wetu wa zamani. Wale akina mama watatu kila mmoja nimempa nakala kwenye kadi ya simu, na hiyo yao, tuliyoirekodi mbali na ile ya tovuti, ina uimbaji.